TUZO NI AMANA: ANAYEMCHAGUA MSHINDI AMEKAA KITI CHA KADHI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

KHUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kujua lililo wazi na lililofichika vifuani. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, baba zetu, mama zetu mlio nyuma ya pazia, na nyinyi vijana wa shule: ninawausia, na ninaiusia nafsi yangu kabla yenu, tumche Mwenyezi Mungu mbele ya watu na tunapokuwa peke yetu.

Mwaka wa masomo unafika mwisho. Siku chache zijazo watoto watavaa nguo safi waende kusikiliza matokeo. Prefe au direkta atasoma majina kuanzia wa kwanza, na mzazi atasimama uani ametega sikio. Mashule yatatoa zawadi: madaftari, kamusi, pengine mtoto kulipiwa minerivali ya mwaka unaofuata. Madrasa nazo zitawapa zawadi waliohifadhi vizuri. Na kamati za misikiti yetu zitakaa kuchagua mtoto yupi asaidiwe ili aendelee. Kwa sababu hiyo, leo hapa Nyalukemba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, nalo ni uadilifu wa yule anayemchagua mshindi.

Labda mtu atasema moyoni: Shehe, watu wana njaa, vita haijatuacha, na wewe unatuletea habari za zawadi za watoto? Ndiyo, ndugu yangu, na sababu ni hizo hizo ulizozitaja. Tangu Septemba 2019 serikali ilitangaza masomo ya msingi kuwa bure katika shule za umma, lakini sekondari bado inalipiwa. Na tangu Februari 2025, vita ilipoingia ndani ya mji wetu wa Bukavu, baba wengi walipoteza kazi na mama wengi walipoteza mtaji wa biashara. Katika hali hiyo, zawadi inayolipa minerivali ndiyo inayoamua mtoto gani atakaa darasani na mtoto gani atabaki nyumbani. Ukimpa asiyestahili, umemtoa darasani anayestahili kwa mkono wako. Hiyo ni dhulma, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mwenyezi Mungu.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Katika Sura An-Nisaa, aya ya 58, Mola wetu anatuamrisha mambo mawili kwa pamoja: kuzirudisha amana kwa wenyewe, na kuhukumu kwa uadilifu tunapohukumu baina ya watu. Tuzo imekusanya yote mawili. Ni amana, kwa sababu mali ile si ya kamati wala ya mwalimu. Imetengwa kwa ajili ya mtoto aliyeistahili, hata kama jina lake bado halijajulikana. Na ni hukumu, kwa sababu lazima mtu aseme: huyu ametangulia, yule amefuata.

Msidhani kadhi ni yule tu mwenye ofisi na mhuri. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 wa Hijra, ameeleza katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya kwamba jina la kadhi linamfaa kila anayehukumu baina ya watu wawili, hata yule anayeamua kati ya watoto wadogo wanaoshindana nani ana mwandiko mzuri zaidi. Akasema kuwa hivyo ndivyo walivyolitazama jambo hili maswahaba wa Mtume (s.a.w.). Basi wewe mwalimu unayesahihisha, wewe ustadhi unayesikiliza watoto wakisoma Qur'ani, wewe mjumbe wa kamati mwenye kalamu mkononi, ile hadithi ya makadhi watatu, wawili motoni na mmoja peponi, inakuhusu. Aliyepona ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo. Aliyeijua akaiacha ameangamia, na aliyehukumu bila kujua naye ameangamia.

Dhulma katika jambo hili inaingia kwa milango mitatu. Tuitazame mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni bahasha. Mzazi anakuja usiku kwa mwalimu na mfuko wa sukari, au dola chache ndani ya karatasi, na maneno matamu: "Mwalimu, hii ni chai tu." Hajaomba kitu, lakini wote wawili wanajua. Abu Humayd As-Sa'idiy (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn Al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kipimo hicho kinatutosha. Kama usingekuwa mwalimu wa mtoto yule, je, sukari ile ingefika mlangoni kwako? Kama jibu ni hapana, irudishe.

Na kuna bahasha mbaya kuliko ya pesa. Katika vyuo vikuu vya nchi yetu jambo hili linajulikana mpaka wanafunzi wamelipa jina la utani, pointi zinazoambukizwa kwa zinaa. Mwalimu anamwita binti wa watu peke yake, anamwonyesha kwamba bila kukubali atarudia mwaka. Wallahi hakuna la kucheka hapo. Anamdhulumu binti yule mwili wake na heshima yake. Anawadhulumu wenzake waliosoma usiku kwa mwanga wa simu, wakapitwa. Na anamdhulumu mgonjwa au mtoto wa kesho atakayehudumiwa na mtu mwenye diploma isiyo na elimu ndani yake. Wazazi, binti yako akikuambia anaogopa kwenda kwa mwalimu fulani, msikilize kabla hujamgombeza.

Mlango wa pili ni undugu. Huyu ni wa kwetu, yule ni wa kijiji kingine. Huyu baba yake ana jina msikitini, yule baba yake amesilimu juzi. Huyu amezaliwa mjini, yule amekimbia vita na godoro kichwani. Sikilizeni habari ya Nu'man bin Bashir (r.a.). Baba yake alimpa zawadi, mama yake akasema hataridhika mpaka Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Walipomwendea, Mtume (s.a.w.) alimuuliza Bashir kama watoto wake wote amewapa mfano wa hiyo. Akajibu hapana. Mtume (s.a.w.) akakataa kuishuhudia dhulma, akamwamuru amche Mungu na awe mwadilifu baina ya watoto wake. Bashir akairudisha zawadi yake. Tafakarini, ndugu zangu: baba amekatazwa kumpendelea mwanawe kwa mali yake mwenyewe. Vipi basi mjumbe wa kamati ampendelee mtoto wa ndugu yake kwa mali ya Waislamu wote?

Na siku ya Uhud, walipokuwa wakizikwa mashahidi wawili wawili katika kaburi moja, Mtume (s.a.w.) hakuuliza nani ni wa ukoo mkubwa. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba aliuliza nani kati yao aliyechukua Qur'ani zaidi, na huyo ndiye aliyetangulizwa katika mwanandani.

Mlango wa tatu ni mgumu kuliko yote, kwa sababu unafanana na wema. Ni huruma. Kamati imekaa, pointi zimejumlishwa, wa kwanza ni mtoto wa mfanyabiashara na wa pili ni yatima wa mama muuza sambaza. Mjumbe mmoja anasema: "Wandugu, mtoto wa tajiri anahitaji zawadi ya nini? Tumwongezee yatima pointi mbili, tutapata thawabu." Wote wanaitikia, na kila mmoja anarudi nyumbani akijiona amefanya ibada.

Rudini kwenye Sura An-Nisaa, aya ya 135. Mwenyezi Mungu anatuamrisha tusimame imara katika uadilifu, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kisha anaongeza kwamba mtu awe tajiri au awe fukara, Yeye Mwenyezi Mungu ndiye aliye karibu zaidi nao wote wawili. Wengi tunaikumbuka nusu ya kwanza, kutompendelea tajiri. Lakini aya imewataja wote wawili! Umaskini wa mtu hauwi pointi katika mtihani. Yule mtoto wa mfanyabiashara naye ni mtoto. Amekesha, ameshinda, halafu watu wazima wenye ndevu wamebadilisha hesabu yake gizani. Na yatima naye mmemdhulumu, kwa sababu mmempa ushindi wa uongo, na siku atakapojua, hataamini tena hata pointi zake za kweli.

Tufanye nini, basi, tumwache yatima? Hasha. Angalieni walivyofanya waliotutangulia. Amr bin Salima (r.a.) alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Kabila lake liliposilimu, walitafuta anayejua Qur'ani zaidi awasalishe, hawakumpata mwingine ila yeye, kwa sababu alikuwa akiwasikiliza wasafiri waliopita njiani na kuhifadhi. Wakamtanguliza. Lakini alikuwa na nguo moja fupi, akisujudu inapanda. Mwanamke mmoja akawaambia watu wamsitiri msomaji wao. Wakanunua kitambaa wakamshonea kanzu, na Amr amesema hakuwahi kufurahia kitu kama alivyoifurahia kanzu ile. Habari hii iko katika Bukhari.

Umeona mambo mawili hapo? Cheo alikipata kwa Qur'ani aliyoihifadhi, na kanzu aliipata kwa haja aliyokuwa nayo. Hawakumpa uimamu kwa kumhurumia, wala hawakumwacha uchi kwa sababu ameshapewa cheo. Nasi tufanye hivyo. Tuwe na mfuko wa tuzo, unaofuata kazi ya mtoto. Na tuwe na mfuko wa sadaka, unaofuata haja yake, apewe kwa siri na kwa heshima bila kusimamishwa mbele ya watu. Zaka ina watu wake nane, wametajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na fukara na maskini ndio wa mwanzo. Aliyeshika nafasi ya kwanza darasani hakutajwa humo.

Na kama kuna watoto waliopoteza miezi ya masomo kwa kukimbia vita, je, tuwashindanishe sawa na wale ambao hawakukosa hata siku moja? Hili nalo lina jibu katika Sunna. Ibn Umar (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi. Waliofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, yapata maili tano au sita. Wasiofanyiwa mazoezi walikimbia kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, maili moja hivi. Kulikuwa na mbio mbili, na kila kundi lilijua mwanzo wake na mwisho wake kabla ya kuanza. Hakuna farasi aliyesogezewa alama katikati ya njia. Basi ukitaka kuwatazama waliohama, fungua tuzo yao mapema, itangaze, waijue wote. Huo ni uadilifu. Kuongeza pointi baada ya matokeo kujulikana ni udanganyifu, hata ukiupa jina la rehema.

Ninasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTUBA YA PILI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu zangu, msidhani fitina hii ni ya mashule madogo peke yake. Mwaka 2018 sisi watu wa Bukavu tulifurahi, Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, hapa hapa komini ya Ibanda, alipopewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na binti Nadia Murad wa Iraki. Yeye ni Mkristo, yule ni Myazidi, na wachaguzi walikuwa watu wa Norway wasio na undugu na yeyote kati yao. Nobel mwenyewe, katika wosia wake wa mwaka 1895, aliagiza kwamba mshindi asitazamwe ni wa taifa gani. Lakini mwaka ule ule wa 2018, kule Sweden, baraza linalotoa tuzo ya Nobel ya fasihi halikumtangaza mtu. Mume wa mjumbe mmoja alikuwa ameshtakiwa na wanawake wengi kwa kuwadhulumu. Ikaonekana pia kwamba majina ya washindi yalikuwa yakivuja kabla ya wakati wake, na kwamba fedha za baraza zilikuwa zikienda kwenye klabu ambayo mjumbe yule na mumewe walikuwa na hisa ndani yake. Baraza lenye zaidi ya miaka 200 likakosa uso wa kusimama mbele ya watu, na tuzo ya mwaka ule ikasubiri hadi 2019. Kama hao yamewakuta, kamati yetu ya watu watano itajilinda na nini ila kumcha Mungu na kuweka utaratibu?

Basi tushike mambo haya.

Kwanza, kipimo kitangazwe kabla ya majina. Tunapima nini: pointi za mwaka mzima, mtihani wa mwisho, kuhifadhi au kusoma kwa tajwidi? Kiandikwe na kibandikwe ukutani.

Pili, karatasi za mtihani ziandikwe namba badala ya jina, mwenye kusahihisha asijue ni ya nani.

Tatu, mwenye mtoto, mpwa au mwanafunzi wake katika mashindano ajitoe kwenye kiti siku hiyo. Asiseme: mimi najiamini. Kujitoa kunamsitiri yeye mwenyewe na maneno ya watu.

Nne, wasikilizaji wa Qur'ani wawe watatu au zaidi, kila mmoja aandike pointi zake peke yake kabla ya kuzungumza na mwenzake.

Tano, pointi zote zisomwe hadharani, na wazazi wapewe siku chache za kuuliza. Mama akiuliza asiambiwe ana wivu. Afunguliwe daftari aone.

Sita, wawili wakilingana, wagawane, au ipigwe kura mbele ya watu. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake.

Nanyi wazazi, msiwatie waalimu katika mtihani. Usimpigie simu mjumbe wa kamati kumkumbusha kwamba mlisoma pamoja. Watu wa Makka walipotaka kumwombea mwanamke wa ukoo mkubwa wa Makhzum aliyeiba, walimtuma Usama bin Zayd kwa sababu Mtume (s.a.w.) alimpenda. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akasema hata angekuwa Fatima binti yake, hukumu ingempata. Anayependwa sana ndiye anayetumwa kuombea yasiyo haki. Kama ni wewe, kataa.

Na nyinyi vijana mtakaokosa tuzo kwa haki, sikilizeni hili. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na ngamia aitwaye Al-Adhbaa, hakuwa akishindwa. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mdogo, akamshinda. Maswahaba wakaumia sana. Je, Mtume (s.a.w.) aliamuru mbio zirudiwe? Alitafuta kasoro kwa yule bedui? La. Aliwafundisha kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote cha dunia ila huja akakishusha. Bedui akaondoka na ushindi wake, hakuna aliyemnyang'anya. Ngamia wa bwana wa viumbe alishindwa, na matokeo yakabaki kama yalivyo! Mtoto wangu au wako ni nani hata matokeo yabadilishwe kwa ajili yake?

Na wewe uliyekosa kwa dhulma, usiache kitabu. Pointi zako wamezichukua, lakini elimu iliyo kifuani mwako hakuna kamati inayoweza kuigawa. Dai haki yako kwa adabu, nenda na mzazi wako, na lililobaki liache kwa Mwenye hesabu isiyokosea.

Mwisho, kila Ijumaa mnasomewa aya ya 90 ya Sura An-Nahl. Angalieni mpangilio wake. Umetajwa uadilifu kwanza, kisha hisani, kisha kuwapa jamaa. Sisi tunaanza na jamaa, tunaita hisani, na uadilifu tunauacha mlangoni pamoja na viatu. Tuurudishe mahali pake, tuanzie kwa watoto hawa, katika siku hizi chache zijazo.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki utujaalie kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili utujaalie kuiepuka. Ewe Mola, wape watoto wetu elimu yenye manufaa, na uwape waalimu wetu mishahara ya halali na mioyo isiyonunuliwa. Ewe Mola, walinde mabinti zetu mashuleni na katika vyuo. Wasitiri mayatima na wajane, warudishe waliohama majumbani mwao, na uupe mji wetu wa Bukavu na nchi yetu ya Kongo amani. Wasamehe wazazi wetu na Waislamu wote, waliohai na waliokufa. Amin.

Simamisheni sala.

Angalizo: Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie bidhaa. Usiisome wakati imamu anahutubia. Ukimaliza, mpe jirani, hasa kama ni mwalimu.